Somo kwa Vikundi: Mate Yanasema Nini Juu ya Fizi Zetu?

Somo la mwezi huu lilikuwa liwe juu ya kuhifadhi majani ya mifugo, lakini wacha lingoje kidogo. Tumepata barua kutoka kikundi kimoja cha akina mama upande wa Isinya, na wanataka jibu kabla hawajafungua sanduku la pesa. Wanasema alikuja mchuuzi na mkoba wake, akawaonyesha kijiti cha kupima mate. Ati ukikitia mdomoni kitakuonyesha magonjwa yote ya kinywa, na meno gani yatang'oka. Aliwataka wanunue vya kikundi kizima. Bei aliyotaja inapita mchango wa wanachama wote kwa mwezi. Wanauliza, je, tununue?

Jibu fupi ni hapana, msinunue. Lakini jibu fupi halisaidii sana, kwa sababu mchuuzi mwingine atakuja mwezi ujao na kitu kingine. Tena ndani ya maneno ya huyu kuna ukweli kidogo, na huo ukweli kidogo ndio unaouza uongo wote. Ni kweli mate yanaweza kupimwa. Ni kweli wataalamu wanatafuta habari za ugonjwa wa fizi ndani ya mate, na wamefika mbali. Kwa hivyo tuketi tujifunze pole pole. Mwenye kusoma awasomee wengine kwa sauti, na mahali pagumu parudiwe.

MAMA ALIYEJIFUNIKA MDOMO

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe, na kosa langu limo ndani yake.

Katika kikundi kimoja karibu na Kitengela kulikuwa na mweka hazina, mama wa miaka arobaini na kitu, hodari wa hesabu na hodari wa maneno. Mkutano ulikuwa hauanzi mpaka yeye afike. Halafu akaanza kunyamaza. Akisema neno, analisema leso ikiwa mdomoni. Akiketi, anaketi mwisho wa benchi karibu na dirisha. Wengine wakasema ameingiwa na maringo. Wengine walisema mengine ambayo sitayaandika hapa.

Siku moja akanifuata nje, pale kwenye tangi la maji. Akaniambia, "Mwalimu, nikipiga mswaki natema damu. Na mdomo unanuka, hata mimi mwenyewe nasikia." Mimi nikamjibu haraka haraka kwa sababu matatu ilikuwa inaningoja: asukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, itapoa. Maji ya chumvi si mabaya. Lakini sikumwangalia mdomo, wala sikumwuliza swali hata moja. Akaenda akaendelea na chumvi yake. Na kwa kuwa mswaki ndio uliokuwa ukileta damu, akaacha kusugua upande ule unaotoka damu. Ikapita karibu miaka miwili.

Kumbe moyoni alikuwa na hofu nyingine. Alikuwa amesikia watu wakisema fizi zikioza hivyo ni ukimwi. Hakutaka kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya hapa. Akapanda gari mpaka mji mwingine, akaingia duka la dawa, akanunua kile kipimo cha kujipima virusi vya ukimwi kwa kinywa, ambacho kilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2017. Akajipima usiku, watoto wamelala. Ukatokea mstari mmoja. Hana virusi. Akalia kwa furaha, akajiambia, basi mdomo wangu ni mzima.

Nilipokutana naye tena, meno mawili ya juu mbele yalikuwa yanacheza kama msumari kwenye ubao uliooza. Nikamwambia sasa ni hospitali. Akanijibu, "Lakini mate yangu yalipimwa, mwalimu. Yakawa safi."

Mate yake yalikuwa yameulizwa swali moja tu. Yakajibu hilo moja, na yalijibu kweli. Hakuna aliyekuwa ameyauliza juu ya fizi.

KILICHOMO NDANI YA MATE

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Sehemu 99 katika kila 100 ni maji. Ile sehemu moja iliyobaki ndiyo yenye mambo. Ina chumvi chumvi, na ina protini za aina nyingi mno. Wataalamu wamekwisha kuzitambua zaidi ya elfu mbili.

Tukisema protini msifikirie maharagwe na maziwa peke yake. Kile tunachokula kinavunjwa, halafu mwili unakijenga upya kuwa vifaa vyake vya kazi. Iko protini katika mate inayoanza kuvunja wanga; ndiyo maana ukitafuna kipande cha ugali mkavu kwa muda bila kumeza, kinaanza kuwa kitamu. Iko nyingine inayopasua bakteria. Ziko za kinga, zinazotambua adui na kumkamata. Mtu ambaye mate yake yamekauka, kwa ugonjwa au kwa dawa fulani au kwa uzee, huona mara moja jinsi meno na fizi zinavyoharibika, kwa sababu mlinzi ameondoka.

Sasa sikilizeni hapa, maana somo lote linasimama juu ya jambo hili. Mate hayatoki kwenye matezi peke yake. Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba sana unaolizunguka jino. Ufizi ukiwa mzima, mfereji huo hutoa unyevu kidogo tu. Ufizi ukivimba, maji maji yanayotoka pale yanaongezeka, yanachukua vitu kutoka ndani ya ufizi na kuvimwaga mdomoni. Yanachanganyika na mate. Ni kama mto wetu wa Kitengela. Maji yakishuka yakiwa mekundu unajua mvua imenyesha huko juu, hata kama kwako jua linawaka.

MORANI WALIOVUNJA BOMA

Na huko juu kunatokea nini?

Juu ya meno hujipaka utando laini ambao ukipitisha ukucha asubuhi unauona. Huo ndio ukoga. Si mabaki ya chakula tu, ni mji mzima wa bakteria. Usipoondolewa, kwa siku chache unaanza kushika chumvi za mate na kuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi tena. Ukoga ukikaa karibu na ufizi, mwili hutuma askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, unatoka damu ukiguswa. Hatua hii ya kwanza inaweza kurudi nyuma kabisa. Ondoa ukoga, ufizi unapona na kuwa kama zamani.

Hatua ya pili ndiyo mbaya. Jino halikugongomelewa kwenye taya kama msumari. Limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi ndogo ndogo maelfu, zilizotengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni. Wale askari wanapokuja hubeba silaha. Moja ya silaha hizo ni kimeng'enya ambacho wataalamu wanakiita MMP-8, na kazi yake ni kukata kolajeni ili askari wapate njia. Vita ikiwa fupi, hakuna hasara. Vita ikiwa ya miezi na miaka, wanakata zile nyuzi zilizofunga jino, na mfupa nao unaliwa. Ni kama morani walioitwa kufukuza fisi usiku. Fisi hakushikwa, wakakaa wiki nzima, na kwa kukimbia huku na huku wakaliangusha boma wenyewe. Mfupa wa taya ukishaliwa haurudi wenyewe.

Kwa hivyo MMP-8 nyingi ndani ya mate ni habari kwamba kuna mahali nyuzi zinakatwa. Wataalamu wanafuata na nyingine. Kuna intalukini-1 beta, ambayo ni kama tarishi anayekimbia kuita askari zaidi. Kuna kalprotektini, inayomwagwa na chembe nyeupe zikiwa kazini. Majina haya hamna haja ya kuyakariri. Kumbukeni tu kwamba hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ni ugonjwa. Zote ni za mwili wetu wenyewe. Ni moshi unaoonyesha kwamba kuna moto.

HABARI KUTOKA KWA MAJIRANI ZETU WA MACHAKOS

Mzee mmoja aliniuliza katika semina, na aliuliza vizuri: "Kama damu inaonekana kwa macho, hawa wataalamu wanahangaika na mate ya nini?"

Jibu lake lilipatikana si mbali na hapa. Miaka ya 1980 madaktari wa meno Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichunguza vinywa vya watu 1,131 wa wilaya ya Machakos, wenye miaka 15 hadi 65. Ni watu wa mashambani kama sisi, wengi hawajawahi kumwona daktari wa meno. Matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Wakati ule wengi ulimwenguni waliamini kwamba mtu akiishi na ukoga na fizi za kutoka damu, mwisho wake ni kubaki kibogoyo. Machakos ikaonyesha vingine. Ukoga ulikuwa kwa karibu kila mtu, na damu pia. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa kula mfupa, ulikuwa umewaangukia watu wachache zaidi kuliko wengine. Watu wa kijiji kimoja, maji mamoja, mswaki mmoja wa mti. Huyu anazeeka na meno yake, yule anayapoteza.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilifanya uchunguzi wa afya ya kinywa wa nchi nzima. Ikaonekana watu wazima 98 katika kila 100 wana shida ya fizi ya namna fulani. Ulimwenguni kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba ugonjwa wa fizi ulio mkali unawashika watu wazima wapatao 19 katika kila 100. Wekeni hesabu hizo mbili pamoja mtaona jambo lenyewe. Karibu wote tunatoka damu, na wachache ndio watakaopoteza meno kwa sababu hiyo. Damu peke yake haitaji jina la mtu.

Daktari wa meno anacho kijiti chembamba chenye alama za milimita. Anakiingiza kwenye ule mfereji kati ya jino na ufizi, anapima kina. Akitaka, anapiga picha ya eksrei. Vyote viwili ni vizuri sana, ila vinamwonyesha hasara iliyokwisha kupatikana. Ni kama kuhesabu ng'ombe baada ya kiangazi. Kinachotafutwa kwenye mate ni habari ya leo, moto unaowaka sasa, ili yule atakayepoteza meno ajulikane kabla hajayapoteza.

KIJITI KINAFANYA KAZI NAMNA GANI

Waliofuata MMP-8 kwa muda mrefu zaidi ni watu wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, wakiongozwa na Profesa Timo Sorsa, kazi ya zaidi ya miaka 30. Kutokana na kazi hiyo kipo kipimo ambacho madaktari wa meno wa Ulaya wanakitumia. Mgonjwa anasukutua maji safi kwa muda mfupi, anatema kwenye kikombe, matone machache yanawekwa kwenye kipande cha plastiki, na baada ya dakika 5 inatokea mistari. Ukitokea mstari wa pili, MMP-8 imepita kipimo kilichowekwa, ambacho ni nanogramu 20 kwa mililita moja. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Mchuuzi hajui hayo, na wala simlaumu kwa kutokujua. Namlaumu kwa kuuza.

Vijiti hivi vyote, cha mimba, cha malaria, cha ukimwi, hiki cha fizi, vina akili ya namna moja. Fikirieni kijana aliyewekwa kwenye lango la boma, akaambiwa asimamishe ng'ombe wenye chapa fulani tu. Wakipita mia wenye chapa nyingine hasemi kitu. Si mjinga wala si mwongo, ndivyo alivyotumwa. Kijiti kimepakwa kitu kinachoshika protini moja. Ile ikipita, inashikwa na mstari unatokea. Protini nyingine hupita kama hazipo.

Ndiyo sababu kipimo kinachoonyesha "magonjwa yote ya kinywa" hakipo. Yeyote atakayewaambia kipo, mwulizeni swali moja kwa adabu: kinashika chapa gani?

Hata kile cha Ufini kina mipaka. Mate ni ya kinywa kizima, kwa hivyo hakikwambii ni jino gani. Hakisemi kwa nini fizi zako zinavimba. Mvutaji sigara na mwenye ugonjwa wa sukari husomeka tofauti. Pia kinakosea mara nyingine, huku na huku, ndiyo maana daktari hukisoma pamoja na kile kijiti chake cha milimita, si badala yake. Na baada ya kupimwa, dawa ni ile ile: ule ukoga uliokuwa jiwe utolewe.

Nitaongeza neno juu ya kipimo cha ukimwi cha kinywani, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi kama mate basi yanaambukiza. Hayaambukizi. Kijiti kile hakitafuti virusi. Kinatafuta protini za kinga ambazo mwili wa mwenye virusi hutengeneza, na hizo hutoka kupitia fizi, ndiyo maana unaambiwa upitishe kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, halafu ungoje dakika 20 kabla ya kusoma. Ikitokea mistari miwili haijawa hukumu. Unakwenda kupimwa tena kwa damu. Ukitokea mmoja na uliingia kwenye hatari hivi majuzi, rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu kinga huchukua muda kujitokeza. Na anayetumia dawa za ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya. Kipimo ni kizuri. Ila hakijui lolote juu ya ukoga wako.

MWEKA HAZINA ALIPATIKANA NA NINI

Turudi kwa yule mama. Alipoenda, afisa wa afya ya kinywa alimwangalia, akamgusa fizi, halafu akamwuliza maswali ambayo mimi nilipaswa kuuliza miaka miwili nyuma. Unaamka usiku kukojoa? Ndiyo, mara nne. Unasikia kiu? Sana, lakini si ni hili joto la kiangazi, na vumbi la malori ya simiti? Kidonda kikikupata kinakauka? Alikuwa na kidonda mguuni tangu Pasaka.

Akadungwa kidole. Sukari ilikuwa juu sana.

Ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa fizi hulishana. Sukari ikiwa juu, askari wa mwili wanapigana vibaya na fizi zinaoza haraka. Fizi zikiwa na moto wa muda mrefu, ile sumu ya uvimbe huingia damuni na sukari inakuwa ngumu kushuka. Ukitibu moja unasaidia nyingine. Mama alianza dawa za sukari, akasafishwa meno kwa awamu, akafundishwa kupiga mswaki hata mahali panapotoka damu. Meno mawili ya mbele hayakuokoka. Mengine yalishika. Alirudi kwenye mikutano, na siku hizi anacheka wazi na lile pengo, ingawa mimi nikiliona bado naikumbuka ile matatu iliyokuwa inaningoja.

PESA YA KIKUNDI IENDE WAPI

Nimesema msinunue vijiti. Basi mfanye nini?

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya wa jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Mwiteni wa kijiji chenu kwenye mkutano. Mwulizeni kabla kama vipande vya kupimia sukari vipo, kwa maana mara nyingine mashine ipo na vipande vimekwisha. Wale ambao fizi zao zinatoka damu nyingi, au meno yanalegea kabla ya uzee, watangulie. Hapo kidole kimoja kikidungwa kinawaambia zaidi kuliko mkoba mzima wa yule mchuuzi.

Ikiwa kikundi kina pesa kidogo ya kutumia, ningependa iwe ya nauli na ya kusafishwa meno kwa wale wawili watatu walio katika hali mbaya, kwa zamu kama mnavyofanya kwenye merigoraundi. Hospitali za serikali zilizo kubwa kidogo zina daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa wa jamii. Pigeni simu kwanza mjue siku. Mkifika msiseme tu "jino linauma" mkang'olewa mkarudi. Semeni: fizi zinatoka damu, meno yanacheza, tunataka kupimwa fizi na kusafishwa. Maneno hayo yanabadilisha safari nzima.

Nyumbani, kila mtu ana kipimo cha bure. Kaa juani na kioo, fungua mdomo, tazama rangi, piga mswaki, tema kwenye kitu cheupe. Wataalamu wamegundua jambo la kutia moyo hapa: damu haisemi kwa hakika kwamba jino litaharibika, lakini ufizi usiotoka damu kabisa mwezi baada ya mwezi ni ishara ya kutegemewa kwamba pako shwari. Ila kuna watu ishara hii huwadanganya, nao ni wavutaji na watumiaji wa ugoro na tumbako. Tumbako hubana mishipa ya damu, ufizi hautoki damu hata ukiwa unaoza ndani. Wazee wangu wa ugoro, samahani, lakini hamna budi kuangaliwa na daktari.

Damu ikitoka usikimbie mswaki. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Sugua pale pale, kwa upole, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Mswaki wa mti unafaa kabisa mradi uchanwe vizuri na ufike kwenye mpaka wa jino na ufizi, hata nyuma. Ikiwa wiki mbili zimepita na damu bado, nenda ukaonwe. Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi. Asiache mswaki, na amwambie mhudumu wa kliniki.

Watu wa Kajiado wana jambo jingine linalowachanganya, nalo ni meno ya kahawia. Rangi hiyo inatokana na floraidi nyingi katika maji ya visima virefu vya sehemu nyingi za kwetu, mtoto anapokunywa meno yakiwa bado yanaumbika. Shirika la Afya Duniani linataka isipite miligramu 1.5 kwa lita. Si uchafu na si ugonjwa wa fizi. Nimeona vijana wakiyasugua kwa mchanga na makaa ili yawe meupe. Hayawi meupe, na ufizi unachunika. Juu ya maji hayo tutakuwa na somo lake.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao hakuna kungoja wiki mbili. Mtoto aliyekonda, labda ametoka kuugua surua, au ni miezi ya ukame kama ule wa 2020 hadi 2023, akaanza kuwa na kidonda kwenye ufizi, mdomo unanuka kama nyama iliyooza, shavu linavimba. Huo unaweza kuwa noma, ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka mwaka 2023 katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Unakula shavu kwa siku chache na unaua. Ukiwahiwa, dawa za kawaida za hospitali na chakula vinauzima. Mtoto huyo apelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa pikipiki, hata kama ni kwa kukopa kwenye sanduku na kuandika baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Ni nani kati yetu aliacha kupiga mswaki kwa sababu ya damu? Asitajwe na wengine. Ajitaje mwenyewe akipenda.

Je, katika kikundi chetu yuko mtu aliyeanza kunyamaza au kukaa mbali? Ni nani anaweza kuzungumza naye peke yake, bila haraka?

Mhamasishaji wa afya wa kijiji chetu ni nani, na ni lini tumwite?

Na yule mchuuzi akirudi, nani atamwuliza juu ya chapa?

Kikundi cha Isinya, tuandikieni mlivyoamua.